Maji ya Chini, Maji ya Ndani, Maji ya Juu: Mhadhara Kuhusu Njia za Gari za Zege Katika Udongo wa Kitale na Bungoma

 

Leo nazungumzia njia ya gari ya zege, ile inayotoka getini hadi mlangoni pa nyumba. Kwa familia nyingi za hapa kwetu, hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwisho ya saruji baada ya nyumba yenyewe kukamilika. Hulipwa kwa mahindi ya msimu mzima, kwa malipo ya miwa, au kwa mkopo wa sacco utakaokatwa kwenye mshahara kwa miaka. Ikipasuka mwaka wa pili, deni hubaki na njia haipo. Ndiyo maana nasema jambo hili linastahili kuzungumzwa hadharani, kwa makini, kama tunavyozungumza juu ya mbegu na mbolea.

Hoja yangu ni moja. Njia ya zege huharibiwa na maji yasiyokuwa mahali pake. Kuna maji ya chini, yaliyo kwenye udongo. Kuna maji ya ndani, yanayotiwa kwenye mchanganyiko. Na kuna maji ya juu, yanayomwagiliwa baada ya zege kumwagwa. Mara nyingi tunaruhusu ya kwanza, tunazidisha ya pili na kunyima ya tatu. Ukikosea hayo matatu, saruji ya bei ghali kuliko zote dukani haitakuokoa.

Ardhi tunayojengea

Kitale iko mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Ukitoka Kitale kwa barabara ya Webuye, ukapita Kiminini na Kamukuywa, unashuka kutoka baridi ya asubuhi hadi joto la mchana, na udongo nao unabadilika njiani. Sehemu kubwa ya udongo huu ni mfinyanzi, mwingine umetokana na miamba ya Mlima Elgon, volkano iliyozimika zamani sana. Lakini mfinyanzi si wa aina moja, na hapa ndipo makosa mengi huanzia.

Udongo mwekundu wa miinuko una madini ya kaolini na chuma. Mvua ikinyesha, maji hupenya. Jua likiwaka, udongo hausinyai sana. Ukishindiliwa vizuri hubeba gari bila shida. Udongo mweusi wa mabondeni na kando ya vinamasi ni mwingine kabisa. Madini yake hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Mwezi wa pili utaona nyufa ambazo kiganja cha mtoto kinaingia. Mwezi wa tano nyufa zimejifunga na ardhi imeinuka. Mwongozo wa serikali wa kusanifu barabara, uliotolewa mwaka 1987, uliupanga udongo wa chini ya barabara katika madaraja sita, S1 hadi S6, kulingana na uwezo wa kubeba mzigo. Udongo mweusi huangukia daraja la chini kabisa, S1, na wakati mwingine hata hapo haufiki.

Basi kabla ya kumwita mwenye lori la mchanga, chimba mashimo matatu kwenye njia yako: getini, katikati na karibu na nyumba. Yafike kina cha mita moja. Chukua udongo wa kila shimo, uloweshe, ufinyange, kisha usokote kati ya viganja uwe uzi mwembamba. Uzi ukikatika mapema, mfinyanzi ni kidogo. Ukisokoteka mwembamba kama penseli na kupindwa bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Finyanga pia tofali dogo la urefu wa sentimita 14, ulikaushe kivulini siku kadhaa, ulipime tena. Likipungua zaidi ya sentimita moja, udongo huo utaisumbua njia yako, na ni heri umwone fundi wa maabara ya udongo kabla ya kwenda mbele. Gharama ya kipimo ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya zege litakalovunjwa kwa nyundo.

Maji ya chini

Zege ni gumu likikandamizwa, lakini ni dhaifu sana likivutwa au kupindwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Ardhi ikivimba upande mmoja na kubaki ilivyo upande wa pili, bamba la zege hubaki limening'inia. Gari likipita hapo, bamba hupindika, na ufa huanzia upande wa chini ambako jicho halifiki. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifanya ardhi ya chini iwe na unyevu uleule mwaka mzima.

Kwenye udongo mwekundu, ondoa sentimita 20 za juu zenye mizizi na mboji, shindilia kilichobaki, kisha weka moramu nzuri ya sentimita 15. Usiimwage yote kwa mkupuo. Iweke kwa tabaka mbili, kila tabaka ishindiliwe kwa mashine ikiwa na unyevu wa kiasi: ukiifinya mkononi ishikamane, lakini isitoe maji.

Kwenye udongo mweusi, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuuondoa na kujaza moramu au mawe yaliyoshindiliwa. Pale tabaka jeusi ni la sentimita 60 au chini ya hapo, uondoe wote. Likiwa la kina kirefu zaidi, utaondoa kiasi mfuko unavyoruhusu, ukijua kwamba kilichobaki bado kitavimba. Njia ya pili ni kuutibu kwa chokaa. Chokaa hubadilisha tabia ya mfinyanzi, ikapunguza kiu yake ya maji. Kiasi cha kawaida ni kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito wa udongo mkavu. Chukua njia ya mita 15 kwa mita 3: ukitibu kina cha sentimita 15 kwa asilimia 4, utahitaji karibu kilo 430, yaani mifuko 17 ya kilo 25. Chokaa hiyo huchomwa hapa karibu, Koru, kaunti ya Kisumu. Changanya, loweka, acha usiku mmoja, changanya tena, kisha shindilia. Vijana wavae glavu na miwani, kwa sababu chokaa huunguza macho na ngozi.

Kisha zuia maji yasirudi. Kitale hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na Bungoma milimita 1,500 na zaidi. Paa la mabati la mita mraba 100 likipokea milimita 1,200, hiyo ni lita 120,000 kwa mwaka. Jiulize lita hizo zinakwenda wapi. Katika maboma mengi zinadondoka kwenye ukingo wa njia ya gari, na kuinywesha ardhi ileile tuliyotaka ibaki na unyevu uleule. Weka mifereji ya paa, maji yaende kwenye tangi, na yanayofurika yaelekezwe mbali. Juu ya zege lenyewe weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, maji yatoke kabla hayajatuama.

Jambo la getini nalo ni zito. Mtaro wa kando ya barabara ni wa umma. Ukiujaza udongo na zege ili gari lipite, maji hupasua njia mpya, yakaingia kwako au kwa jirani, na kuila barabara yenyewe. Weka kalvati ya kutosha, tena kwa idhini ya mamlaka inayoisimamia barabara hiyo, iwe ni KURA, KeRRA, KeNHA au kaunti.

Na miti. Mkaratusi hunywa maji mengi, ndiyo maana wengi huupanda kukausha vinamasi. Ukiwa karibu na njia iliyo juu ya udongo mweusi, hukausha upande mmoja wa ardhi na bamba likaketi upande huo. Mti huo upandwe mbali na zege, umbali usiopungua kimo ambacho mti utafikia ukikomaa.

Maji ya ndani

Mwaka 1918, huko Chicago, Duff Abrams alichapisha matokeo ya majaribio yake mengi ya zege. Alionyesha kwamba, vifaa vikiwa vizuri, nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidi, nguvu hushuka. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kanuni hiyo bado inavunjwa kila siku kwenye viwanja vyetu kwa debe moja la ziada.

Sababu yake ni rahisi. Ili ikaze, saruji huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake. Yanayobaki ni ya kulainisha kazi, na baadaye hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana. Katika vitundu hivyo zege hudhoofika, husinyaa na kunyonya maji ya mvua. Kwa njia ya gari, maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji, au kidogo tu juu ya hapo. Mfuko wa kilo 50 upewe lita 25 hadi 27, na humo hesabu unyevu uliomo kwenye mchanga. Ukipanda hadi lita 35 kwa mfuko, utapoteza theluthi ya nguvu au zaidi, na saruji umeilipia ileile.

Mafundi wangu, najua kwa nini maji huongezwa. Zege zito huchosha mikono, na anayelipwa kwa siku anataka kumaliza. Lakini zege likimiminika kama uji, kokoto huzama, maji na saruji nyepesi hupanda juu, na uso wa njia hubaki unga unaofagilika. Zege zuri la njia ya gari, likitekwa kwa beleshi na kumwagwa, husimama kidogo kisha hushuka polepole. Tumieni ndoo iliyowekwa alama, moja tu, na mtu mmoja awe na jukumu la maji siku nzima.

Vipimo navyo vipimwe kwa sanduku la mbao. Karai iliyojaa kilima na karai iliyosawazishwa hazilingani hata kidogo. Kwa gari dogo, bamba la sentimita 10 hutosha juu ya ardhi njema nyekundu. Mahali patakapopita lori la mahindi au la miwa, weka sentimita 15. Mchanganyiko wa 1:2:4 hutumia karibu mifuko 6 na nusu kwa mita ya ujazo, na ule wa 1:1½:3 hutumia karibu mifuko 8. Njia yetu ya mita 15 kwa 3, ikiwa nene sentimita 12 na nusu, ni mita za ujazo 5.6. Kwa mchanganyiko wenye nguvu zaidi, hiyo ni mifuko 45.

Soma mfuko kabla ya kununua. Namba 32.5 na 42.5 ni nguvu ya chini inayotakiwa baada ya siku 28. Saruji nyingi madukani kwetu ni ya 32.5 iliyochanganywa na majivu ya volkano. Ni saruji nzuri, lakini hukomaa polepole, na kwa hiyo huhitaji kumwagiliwa siku nyingi zaidi.

Mchanga wa mto nao upimwe. Jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope litakalokaa juu ya mchanga likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, osha mchanga huo au ukatae. Tope huizuia saruji isishike kokoto, na fundi akiona mchanganyiko mkavu huongeza maji. Hivyo kosa moja huzaa la pili.

Jua, na mahali pa kupasukia

Zege hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, takriban sehemu 10 kati ya milioni kwa kila nyuzi moja. Bamba la mita 10 likipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya adhuhuri ya Januari na alfajiri yake, husogea milimita 3. Juu ya hapo lipo sinyao la kukauka, ambalo halirudi. Zege litapasuka, hilo halina mjadala. Kazi ya fundi ni kuliamulia lipasuke wapi.

Kata viungo vyenye kina cha robo ya unene wa bamba, kila baada ya mita 2 na nusu hadi 3, na vipande viwe karibu mraba. Vikatwe kwa msumeno ndani ya saa 6 hadi 18, au vichorwe kwa chuma zege likiwa bichi. Pale njia inapokutana na ukuta wa nyumba, nguzo ya geti au kifuniko cha shimo la maji taka, acha nafasi kamili ya kupanukia na uijaze kitu kinachobonyea. Kisha kila kiungo kizibwe kwa lami au kizibo cha mpira, na kikaguliwe kila mwaka kabla ya mvua za Machi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye udongo mweusi ufa usiozibwa ni mdomo wa kuinywesha ardhi.

Wavu wa chuma, ule tunaouita BRC, hauzuii ufa. Kazi yake ni kuushika ufa usifunguke. Basi ukae kwenye theluthi ya juu ya bamba, umeinuliwa kwa vijiwe vya zege, na juu yake pawe na zege la sentimita 4 au 5. Wavu uliolazwa chini kwenye moramu, kisha ukakanyagwa siku nzima, ni fedha iliyozikwa. Afadhali kuuacha na kununua saruji zaidi.

Maji ya juu

Sasa tumefika pale ambapo maji yanatakiwa kwa wingi, na ndipo tunapoyanyima. Saruji haigandi kwa kukauka. Hukaza kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea kwa majuma. Uso ukikauka, kazi husimama. Kitale watu hudhani kwamba, kwa kuwa upepo ni wa baridi, hakuna hatari. Lakini Desemba hadi Februari jua la mwinuko ni kali, hewa ni kavu na upepo hauishi. Wataalamu wa zege la maeneo ya joto huhesabu kwamba lita moja ikipotea kwa kila mita mraba kwa saa, nyufa za mapema huweza kutokea zege likiwa bado bichi. Kwenye njia yetu ya mita mraba 45, hiyo ni lita 45 kwa saa.

Dawa yake ni mpango wa siku. Lowesha moramu jioni iliyotangulia, isinyonye maji ya zege. Anza kumwaga alfajiri, umalize kabla ya adhuhuri. Kokoto zikae kivulini au zinyunyizwe maji. Msimu wa mvua, ambapo Kitale hunyesha zaidi alasiri, weka karatasi ya nailoni karibu. Usimwage saruji kavu juu ya uso ili kunyonya maji. Uso huo hubanduka baadaye.

Zege likishakaza kiasi cha kutobonyea kidole, lifunike kwa magunia mabichi, mchanga au nailoni, na uendelee kulilowesha mchana na jioni kwa siku 7 zisizopungua. Kwa saruji ya 32.5 iliyochanganywa, fanya siku 14. Gari dogo lisubiri siku 14, na lori lisubiri siku 28.

Kwa asiyeweza yote

Sijasahau kwamba wengi hapa hawana fedha ya mita mraba 45. Kwenye udongo mwekundu, jengeni mapito mawili ya magurudumu, kila moja upana wa sentimita 70, na nyasi katikati. Zege linapungua kwa zaidi ya nusu. Kwenye udongo mweusi msifanye hivyo, kwa sababu nyasi ya katikati itaingiza maji chini ya mapito. Hapo kabro huenda ikawa bora: tofali zake husogea kidogo na ardhi, na palipobonyea hufunuliwa, pakajazwa na kupangwa upya. Nazo zinataka moramu iliyoshindiliwa na kingo imara. Hakuna sakafu ya gari inayosamehe msingi mbovu.

Wala zege si la kuogopwa. Huko Bellefontaine, Ohio, Marekani, kipande cha barabara ya zege kilijengwa mwaka 1891, na zege la miaka hiyo lingali linatumika mjini humo, katika nchi yenye barafu na theluji. Nairobi, Mbagathi Way ilijengwa kwa zege na inabeba magari mengi kila siku. Zege likitunzwa hudumu kuliko aliyelijenga.

Mwito

Wenye nyumba, makubaliano yenu na fundi yaandikwe. Yataje kina cha kuchimba, unene wa bamba, vipimo kwa sanduku, lita za maji kwa mfuko, umbali wa viungo na siku za kumwagilia. La mwisho ndilo nalisisitiza kuliko yote. Kwetu fundi hulipwa siku ya kumwaga zege na kuondoka, na kesho yake hakuna mwenye jukumu la ndoo. Bakizeni sehemu ya malipo hadi siku ya 14, na mlipeni kijana wa kumwagilia kama mnavyomlipa wa kuchanganya. Mafundi, msikubali kazi isiyo na siku hizo, kwa sababu njia ikipasuka jina litakalotajwa ni lenu. Wanafunzi, mkapime udongo wa nyumbani kwenu likizo hii, mwekundu kwa mweusi, na muwaonyeshe wazazi wenu matokeo kabla hawajanunua mfuko wa kwanza.